Mkono wa Saumu na Mkeka wa Siti

Asubuhi huko mjini Baraka, ziwa hukaa kimya kana kwamba limesahau kuamka. Ukungu hulala juu ya maji. Milima ya Ubwari ng'ambo huonekana ikielea, haina miguu. Saumu aliipenda saa hiyo. Aliketi barazani na ukindu wake, vidole vikienda vyenyewe, na mawazo yakimfuata Siti, binti yake, ambaye angeolewa mfungo ukiisha.

Katika ukoo wa Saumu, mama ndiye anayemsukia binti mkeka wa ndoa. Si shangazi, si fundi wa sokoni. Ni mama, kwa mikono yake. Saumu mwenyewe aliolewa bila mkeka. Mama yake alianguka shambani kabla ya harusi, mkono ukakandwa na kuvutwa, ukapona umepinda. Tangu hapo hata kikombe cha chai alikishika kwa kushoto. Mkeka wa Saumu ukabaki nusu. Ulikuwa umekunjwa sandukuni, na Saumu hakupenda kuutazama.

Siku moja alishuka ziwani kulowesha ukindu wa mkeka wa Siti. Mawe ya pale yana utelezi, na Saumu alijua hivyo kuliko mtu yeyote. Lakini alikuwa ameshaanza kuota mchana. Alimwona Siti amekaa juu ya mkeka, mikono ina hina, akicheka. Mguu ukateleza. Akatanguliza mkono wa kulia, uzito wote ukaangukia kiganja. Maumivu yalipanda hadi kwenye kiwiko. Alibaki amekaa majini, ukindu ukielea kumzunguka.

Alipofika nyumbani, kifundo cha mkono kilikuwa kimevimba. Shangazi wa mumewe alikuja mbio na mawese ya moto. Alisema mshipa umeruka, lazima urudishwe mahali pake. Akakanda, akavuta, akakanda tena. Saumu aliuma kanga yake asipige kelele. Kisha shangazi akaufunga mkono kwa ukindu uliolowa, akaukaza kweli kweli. Nia yake ilikuwa njema, sikatai.

Sasa wewe unayesuka unajua jambo hili, na shangazi alilijua pia, ila siku hiyo lilimtoka kichwani. Ukindu uliolowa ukikauka, unajikaza. Jua likapanda. Kifungo kikazidi kubana. Vidole vya Saumu vikavimba, vikawa baridi, vikaingia ganzi. Aliviangalia akaona kama si vyake. Vilikuwa vidole vya mama yake. Hapo Saumu aliogopa, akalia bila kujificha.

Saleh, mume wake, hakungoja. Alikwenda kumwita Norbert, jirani yao, aliyekuwa muuguzi wa zahanati. Norbert aliutazama ule mkono. Alitoa mkasi akakata ule ukindu.

"Kwanza damu ipite," alisema.

Vidole vilianza kuwasha, halafu vikapata joto. Norbert akapapasa mfupa polepole. Alimwambia Saumu akunje vidole kimoja kimoja. Akabonyeza chini ya kidole gumba, akamtazama usoni aone kama anashtuka.

"Mama Siti, naona mufupa haikuvunjika. Lakini hii mukono, mutu asiivute tena."

"Na mshipa ulioruka?"

"Hakuna mushipa iliruka. Sikia. We unasuka vipande virefu, kisha unavishona pamoja na uzi. Ni vile?"

"Ni vile."

"Basi mifupa ya mukono iko kama vipande vyako. Iko nyuzi zenye kuishika pamoja. Ulipoanguka, zile nyuzi zilivutika. Zingine pengine zilichanika kidogo. Sasa mukeka yenye uzi imelegea, we utaivuta?"

Saumu akatikisa kichwa. Nani mwenye akili zake angevuta mkeka wa namna hiyo? Angeuacha ukae, kwanza.

Norbert akaeleza bila haraka. Siku za mwanzo, mkono upumzike. Usikandwe, usipashwe moto, maana moto unaongeza uvimbe. Uwekewe kitambaa chenye maji baridi, kitolewe, kirudishwe tena baadaye. Ufungwe kwa kitambaa kipana, kwa kulegeza, na vidole viachwe nje. Vikibadilika rangi au kuingia ganzi, kitambaa kifunguliwe mara moja. Akiketi, mkono ulale juu ya mto, uwe juu kuliko moyo. Alisema hata anayevuta kasia au anayetwanga mihogo mpaka nyama za mkono zikauma, naye huanza hivyo hivyo: kupumzika na maji baridi. Lakini mkono ukipinda, au maumivu yakikataa kupungua, basi ni kwenda hospitali kubwa, mfupa ukapigwe picha.

Kisha akamgeukia shangazi, kwa heshima, akamwomba yeye ndiye awe anachota maji kwenye kijito kinachoshuka mlimani, maana ni baridi kuliko ya ziwa. Shangazi alinung'unika kidogo. Lakini alichukua mtungi.

Norbert alipotaka kuondoka, Saumu alimshika shati kwa mkono wa kushoto.

"Na mama yangu? Naye walimvuta."

Norbert akarudi akaketi. "Sikumuona, Mama Siti. Pengine yake mufupa ilivunjika, na hakuna mwenye alijua."

Zikafuata siku za kukaa bure. Saumu aliketi barazani, kitambaa baridi kwenye mkono, akiangalia Ubwari ikija na kupotea ndani ya ukungu. Alisinzia, akaamka, akasinzia tena. Katika usingizi ule mwepesi alikuwa anasuka, vipande vinarefuka mpaka ziwani. Akiamka, mkeka wa Siti uko vile vile. Mfungo ukaingia. Siti alikuwa akiupita ule mkeka bila kuutazama, na hilo lilimuuma Saumu kuliko mkono. Siku moja alishika ukindu. Shangazi akamnyang'anya.

Uvimbe ulipokwisha, Norbert alimwonyesha kuuzungusha mkono ndani ya maji ya uvuguvugu, na kuminya kitambaa, taratibu, akiacha kila mkono ukianza kuuma. Baadaye akamruhusu kusuka kidogo, apumzike, asuke tena. Saumu alitii kila neno, mtu aliyekuwa hamtii hata mumewe.

Mwezi wa sikukuu ulipoandama, mkeka wa Siti ulikuwa umeshonwa wote. Siti aliketi juu yake, mikono ina hina, akicheka.

Harusi ilipopita, Saumu alifungua sanduku. Shangazi akauliza huo mkeka mkuukuu ni wa nani.

"Ni wangu. Mama hakuumaliza."

Akauzungusha mkono wake wa kulia, huku na huku. Haukuuma. Akalowesha ukindu, akaketi barazani, akaanzia pale mama yake alipoachia.