Hodi Tatu za Kisauni

Haya yalimpata Nicanor, rafiki yangu wa bara, aliyekuja kwangu Changamwe mwaka wa sitini na moja baada ya kumzika mkewe. Kutwa alizunguka kutazama majumba ya Mombasa, na hakuna hata moja lililomgusa.

Siku ya tatu alivuka daraja hadi Kisauni kuona nyumba kongwe ya mawe, maarufu kwa mlango wake wa nakshi. Ufunguo ulikuwa kwa jirani, Bi Kuluthum.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Vua viatu kizingitini, upige hodi tatu ndipo uingie. Nyumba haina mtu, lakini ina heshima yake."

Nicanor akavua viatu, cha kushoto kimefungwa kwa uzi wa katani, akapiga hodi. Ya tatu ilikatwa na kikohozi. Akaingia.

Ilikuwa adhuhuri, lakini ndani giza tupu, madirisha yamezibwa kwa mbao. Alikuwa ukumbini, akipapasa vidaka vya ukutani, aliposikia mtu anapiga hodi mlangoni. Mara ya kwanza, mara ya pili, na ya tatu ikakatwa na kikohozi. Sauti ilikuwa yake mwenyewe.

Hakuogopa. Tangu mazishi hakuwa akihisi kitu. Kwa mazoea tu akaitikia, "Karibu."

Nyayo za miguu mitupu zikampita gizani, zikaingia chumba cha ndani.

Alipotoka, alikuta kizingitini jozi mbili za viatu vyake, zote mbili cha kushoto kimefungwa kwa uzi wa katani. Akazigusa. Moja ilikuwa imepoa. Nyingine ilikuwa bado na joto la miguu.

Akavaa yenye joto, iliyopoa akamwachia aliyebaki ndani.