Sufuria Iliyokosa wa Kuiepua

Kipimajicho kilisoma kurasa arobaini kwa muda ambao mtu hutumia kupiga chafya. Kilisimama katikati ya ukumbi wa ghorofa ya sita ya jumba la kuchapa katuni, mnara wa kioo uliozidi kimo cha mtu mara mbili, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuamua katuni ipi ni nzuri na ipi ni mbaya. Ukurasa ulioingia upande wa kushoto ulitokea upande wa kulia ukiwa na namba kwenye kona ya chini, kuanzia sifuri hadi mia. Uliopata sitini na kuendelea ulikwenda kuchapwa. Uliopungukiwa ulipelekwa kwa mkono-mchoraji, roboti lisilo na kichwa wala kiwiliwili, lililofuta visanduku vya picha vilivyokataliwa na kuchora vingine papo hapo kwa mtindo wa msanii mwenyewe, hata mama yake mzazi asingeweza kutofautisha.

Siri ya mashine hiyo haikuwa ngumu kuielewa. Siku hizo karibu kila msomaji alivaa miwani-soma, lenzi nyepesi zilizoonyesha kurasa hewani mbele ya uso wake. Wewe ukiisoma katuni, miwani nayo ilikuwa inakusoma wewe: jicho limetua wapi, limekaa kwa muda gani, limeruka nini. Kwa miaka kumi na mmoja habari za mamilioni ya macho zilimiminwa ndani ya akili mnemba ya Kipimajicho, na watu wakaamini kwamba chombo kilichoona macho ya nchi nzima hakiwezi kukosea. Ndivyo tulivyo. Tukionyeshwa namba, tunanyamaza kama watoto mbele ya daktari.

Asubuhi hiyo mashine ilipima sehemu ya mwisho ya *Kabula Fundi Majiko*. Kurasa saba za kwanza zilipita vizuri. Ukurasa wa nane ulitoka na alama tisa.

"Tisa?" aliuliza Nkwimba Lugoye. "Tisa kati ya mia?"

Nkwimba alikuwa na umri wa miaka hamsini na nane, na ishirini na miwili kati ya hiyo aliitumia kumchora Kabula, mwanamke mnene mwenye kicheko kikubwa aliyezunguka nyumba hadi nyumba jijini Mwanza akitengeneza majiko yaliyoharibika, na akiwa jikoni kwa watu akajikuta ameingia katika mambo yao yote. Nchi nzima ilimjua Kabula. Sasa Nkwimba alikuwa ameamua kumpumzisha. Kabula alifariki ukurasa wa saba, na ukurasa wa nane ulikuwa na picha moja tu, kubwa. Jiko la Kabula mwenyewe. Juu yake sufuria ya uji, povu limeinua kifuniko na linateremka ubavuni. Mwiko umelala pembeni. Hapakuwa na mtu, wala puto la maneno hata moja.

Picha hiyo haikupatikana kwa urahisi. Kwanza alichora msiba, watu wamejaa uani. Kisha akachora kaburi, kisha mtoto analia, kisha Kabula akipunga mkono kutoka mawinguni, jambo ambalo hadi leo anaona haya kulikumbuka. Nkwimba alikuwa na namna yake ya kupima. Akimaliza picha aliigeuza juu chini, akaiegemeza kwenye kabati la vyombo, akaendelea na mapishi yake kana kwamba haipo. Baadaye, akigeuka kutafuta chumvi, jicho liliikuta picha bila kujiandaa, na mwili ulijibu kabla akili haijapata la kusema. Mkono ukiendelea kutafuta chumvi, picha ile ilikuwa ya uongo. Kwa picha zote nne mkono uliipata chumvi. Ya tano aliichora akiwa amechoka, akisubiri maji yachemke, na mkono wenyewe ndio ulioamua. Alipogeuka kutafuta chumvi akaiona, alisimama na kijiko mkononi hadi mboga ikaungua. Hakujua kwa nini. Alijua tu kwamba ndiyo yenyewe.

"Msanii anashauriwa," ilisema mashine kwa sauti yake ya upole, "kuweka uso wa binadamu wenye machozi, na puto lisilozidi maneno kumi na mawili. Makadirio ya alama baada ya marekebisho: themanini na nne."

"Umesikia, dada Nkwimba," alisema Gervas Kalokola.

Gervas ndiye aliyekuwa mhariri. Zamani, kabla ya Kipimajicho kuletwa, alikuwa mtia rangi hodari kuliko wote jijini. Alimpa Kabula ile kanga yake ya rangi ya udongo uliolowa, na alipoulizwa kwa nini rangi hiyo, alicheka tu akasema ndiyo iliyokuwa inamwita. Siku hizi hakutia rangi. Alikaa kando ya mashine na kusoma namba kwa sauti.

"Nimesikia. Siibadilishi."

"Ikifika saa nane mchana bila marekebisho, mkono-mchoraji utaibadilisha wenyewe. Unajua utaratibu, dada yangu."

"Mikono yangu ni miwili, Gervas, na yote miwili ninayo hapa. Huo wa tatu haumjui Kabula. Haujawahi kuungua na jiko!"

"Si suala la kumjua. Wasomaji ndio wanaokataa. Wasomaji wa majaribio mia mbili wameusoma ukurasa huu leo asubuhi, watu wazima na akili zao, na macho yao yameukataa."

"Yameukataaje?"

Ilionekana Gervas hajawahi kuulizwa swali hilo, wala yeye mwenyewe hajawahi kuliuliza. Akaigeukia mashine. "Toa sababu ya alama tisa."

"Kanuni ya nne," ilijibu mashine. "Jicho likisimama mahali pamoja kwa zaidi ya sekunde sita, msomaji amepotea. Katika ukurasa wa nane, macho ya wasomaji yamesimama kwa wastani wa sekunde kumi na nne."

Nkwimba aliusogelea mnara.

"Nani aliandika kanuni hiyo?"

"Kanuni ya nne iliandikwa na watengenezaji kabla ya mashine kuuzwa kwa jumba hili. Matumizi ya awali ya mashine yalikuwa kupima mabango ya barabarani."

"Mabango ya barabarani," alirudia Nkwimba.

Na ni kweli, kwa bango la barabarani kanuni hiyo ilikuwa na akili. Dereva akilikodolea bango macho sekunde sita, ama hajalielewa ama ameshaingia mtaroni. Lakini kuna mtu, mahali fulani, aliyeichukua mashine hiyo kutoka kwa wenye mabango akawaletea wenye hadithi, akabadilisha jina mlangoni, wala hakujisumbua kusoma kilichomo. Na wengine wote, waliolipwa mishahara kwa sababu wana macho, wakafuata nyuma.

"Na huyu mhariri," Nkwimba aliiuliza mashine, akimwonyesha Gervas kwa kidevu. "Naye kavaa miwani. Yeye alisimama sekunde ngapi?"

"Dada, hiyo haihusu..."

"Msomaji Gervas Kalokola," ilisema mashine, "sekunde thelathini na moja. Ndiye aliyepotea kwa muda mrefu kuliko wote."

Gervas alivua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya shati ingawa haikuwa na uchafu.

"Ulikuwa umepotea, Gervas?"

"Nilikuwa namkumbuka mama," alisema Gervas. "Siku aliyofariki tulikuta maharage yanaungua jikoni. Hakuna aliyekumbuka kuyaepua. Nilikuwa nimeyasahau kabisa yale maharage."

"Halafu?"

"Halafu ikatoka tisa." Aliitazama sakafu. "Nikadhani sikuielewa picha."

Hapo ndipo Nkwimba alipopandwa na hasira za kweli, zile zinazomfanya mtu azungumze polepole. Angeweza kuvumilia mashine isiyojua kitu. Mashine haijui, basi. Lakini mtu aliyesimama mbele ya picha sekunde thelathini na moja akimkumbuka mama yake, kisha akajikana mwenyewe kwa sababu kioo kimemwambia tisa, huyo alimtia uchungu ambao hakujua auelekeze wapi.

"Viko wapi visanduku vilivyofutwa?" aliuliza. "Vyote. Kwa kanuni hiyo moja."

Vilikuwepo. Mashine haikutupa kitu. Ukuta wa ukumbi uliwaka na visanduku vikaanza kupita, katuni za miaka kumi na mmoja: bibi arusi amekaa peke yake kitandani na viatu bado miguuni, uwanja wa mpira baada ya watu kuondoka, mkono wa mzee ukitafuta swichi ya taa, mbwa akisubiri mlangoni. Mashine ilisema ni visanduku elfu tisini na mbili na mia nne. Kila mahali ambapo msomaji wa nchi hii aliwahi kusimama na kushika moyo, mkono-mchoraji ulipita hapo, ukaweka uso unaolia na maneno kumi na mawili.

"Ndiyo maana," alisema Nkwimba. "Watu wananiambia katuni za siku hizi zinapita tu machoni. Wanasema wamezeeka. Hawakuzeeka! Mmewaibia."

Kisha akaiona mvua, akaamuru ukuta usimame. Ilikuwa mvua inayoonekana kupitia dirisha lenye ufa, na nje mtu anaanua nguo moja ya mtoto kwenye kamba, moja tu. Hakuhitaji kusoma jina. Salome Ng'wigulu ndiye pekee aliyechora mvua namna ile. Walianza kazi pamoja, meza moja, na Nkwimba alimwonea wivu waziwazi. Kipimajicho kilipokuja, mvua za Salome zilipata kumi na moja, kisha saba, kisha nne. Salome hakugombana na mtu. Alikusanya kalamu zake akasema jicho lake limekufa, mashine imemwonyesha, na ni afadhali amejua mapema. Sasa alikuwa akichora maonyo ya ndani ya lifti.

Lazima isemwe kwamba Gervas alihangaika. Aliwapigia wahandisi, akapaza sauti, akatishia kujiuzulu, mambo ambayo hakuna aliyewahi kumwona akiyafanya. Saa saba kasoro robo kanuni ya nne ilikuwa imegeuzwa: jicho likisimama, alama zinapanda. Ukurasa wa nane ukaingizwa tena kushoto, ukatokea kulia. Tisini na saba.

"Umeshinda, dada!" Gervas alipiga makofi. "Tisini na saba! Haijawahi kutokea!"

Nkwimba aliuchukua ukurasa wake. "Asubuhi tisa, mchana tisini na saba. Hata mstari mmoja haujabadilika. Sasa hicho unachokishangilia ni nini?"

Kabla Gervas hajajibu, mashine ilizungumza. "Mapendekezo kwa katuni nyingine thelathini na tisa za wiki hii: ongeza sufuria inayochemka isiyo na mtu. Makadirio ya alama: tisini na kuendelea." Nyuma yao mkono-mchoraji ulikuwa tayari umeanza. Kwenye katuni ya wachezaji mpira kulikuwa na sufuria inafurika golini.

Nkwimba alimkabidhi Gervas ukurasa wake. "Uchape ukurasa wangu bila namba," alisema. "Na hiyo ya golini, iangalie kwa macho yako mwenyewe uniambie kama ni nzuri. Usiulize mtu."

Alimwacha amesimama pale, miwani mkononi, akiitazama ile picha ya golini na jasho linamtoka. Akaondoka na nakala ya mvua ya Salome.

Salome aliishi ng'ambo ya jiji, juu kwenye mawe ya kilima cha Bugando, katika nyumba iliyopangwa vizuri mno. Kuta zote zilikuwa nyeupe. Alimkumbatia Nkwimba, akamkaribisha chai, wakaulizana habari za watoto. Nkwimba hakuweza kungoja. Alisimulia yote kwa pupa: mabango ya barabarani, sekunde sita, Gervas na maharage ya mama yake.

"Haikuwa wewe, Salome. Jicho lako halikufa hata siku moja. Watu walisimama! Walisimama, mashine ikawahesabu wamepotea. Miaka kumi na mmoja, mwenzangu! Mimi nikikumbuka natamani kukipasua kile kioo."

Akaikunjua picha, akaiweka mezani kati ya vikombe.

Salome aliitazama mvua yake. Mkono uliokuwa ukikoroga chai ulikoma. Midomo ilifunguka kidogo, na macho yake yakatua kwenye ile nguo moja ya mtoto yakakaa hapo, hayaendi kulia wala kushoto. Chai ikapoa. Nkwimba hakuhesabu sekunde, lakini zilikuwa nyingi, na moyo wake ulimdunda kwa furaha, akisema kimyakimya, haya, haya, umerudi.

Kisha Salome alikohoa, akainama, akaanza kutafuta kitu kwenye kona ya chini ya karatasi. Alipapasa kwa kidole gumba. Akaigeuza nyuma, akaangalia na huko.

"Na sasa hivi, baada ya kutengeneza hiyo kanuni," aliuliza, "inapata ngapi?"

"Wewe umeionaje?"

Salome aliinua uso. Hakuwa na hasira wala huzuni. Alikuwa na mshangao mtupu, wa mtu aliyeulizwa habari za nyumba ambayo hajawahi kuingia.

"Mimi?" alisema. "Mimi si ndiyo nakuuliza?"