Kodi Ileile

Ijumaa jioni, huko Fallow Creek, jimbo la Ohio, nyumbani hubaki wagonjwa na paka tu. Wengine wote wako kwenye uwanja wa shule ya sekondari. Watu huja kutazama mechi. Vern Hruska huja kutazama mapumziko.

Wakati wa mapumziko bendi ya shule huingia uwanjani. Ndani ya bendi yumo Josie, binti yake wa pekee, miaka kumi na sita. Josie anapuliza tuba, tarumbeta kubwa kuliko zote. Tuba lenyewe ni la shaba, na kinywa chake ni kipana kiasi kwamba mvua ikinyesha bata wawili wanaweza kuhamia humo na kulea watoto. Josie hulivaa begani, hutembea nalo, hugeuka nalo, halafu hupuliza, na viti vya jukwaani hutetemeka hadi soda za watu zinamwagika.

"Huyo ni wangu!" Vern hupaza sauti. "Mwenye tuba! Huyo ni wangu!"

"Tunajua, Vern," watu humjibu. "Ulituambia Ijumaa iliyopita. Na ile nyingine."

Vern ni fundi wa mashine za kupasha nyumba joto. Maisha yake yote ameongea huku mashine zinanguruma, kwa hiyo kunong'ona hakujui. Akiomba chumvi mezani, jirani wa nyumba ya tatu humletea.

Jumatatu moja ya Septemba, Josie alirudi nyumbani kimya. Mama yake, Darlene, alikuwa amepika pierogi, vitumbua vya kuchemsha vilivyojazwa viazi na jibini, chakula ambacho Josie huwa hasubiri kipoe. Siku hiyo hakugusa hata moja.

"Vipi, mwanangu?" Darlene aliuliza.

"Mwalimu wa bendi ametuambia leo. Kodi ya shule ikikataliwa tena Novemba, bendi basi. Mwakani hakuna. Na yeye mwenyewe hana kazi."

"Nini?" Vern aliruka. Kiti kikaanguka. "Nani kaamua upuuzi huo? Nitajie jina!"

Josie alimtazama baba yake.

"Wewe, baba."

Vern aliinua kiti, akakikalia taratibu. 

Mambo yalikuwa hivi. Mwezi wa Mei, wilaya ya shule iliwaomba wananchi wapige kura. Karatasi ya kura ilisema: kodi ya kuendeleza shule. Vern aliposoma neno "kuendeleza", damu ilimchemka. Kuendeleza! Akaona ghorofa mpya. Akaona mazulia mapya. Akamwona mkurugenzi wa shule amekaa kwenye kiti cha ngozi kinachozunguka. Basi akatengeneza vibao vikubwa: HAPANA KODI MPYA. Akavisimika kila mahali. Vilikuwa vingi mpaka ndege wakaacha kutua mitini, wakahamia vibaoni.

Kodi ikakataliwa kwa tofauti ya kura chache sana. Vern akachoma soseji na kualika mtaa mzima.

"Mimi nilikataa kodi," Vern alisema sasa. "Sikukataa bendi!"

"Kwani bendi inalipwa na nini, baba? Soseji?"

Josie akaenda chumbani kwake. Tangu siku hiyo hakumsemesha baba yake tena. Alipotaka gari alimwomba mama. Ijumaa iliyofuata, Vern alipopaza sauti, "Huyo ni wangu!" Josie aligeuza tuba upande wa pili.

Hilo lilimuuma Vern kuliko mguu uliowahi kuangukiwa na mashine.

"Nitalimaliza jambo hili," alimwambia mkewe. "Nitamwona mkubwa mwenyewe."

Akavaa shati lake la mazishi na harusi, akaenda kwenye mkutano wa baraza la mji. Zamu yake ilipofika akasimama mbele ya Meya Delvecchio na kuanza kunguruma. Alisema juu ya bendi. Alisema juu ya haki. Alisema juu ya tuba. Bibi mmoja aliyekuja kulalamikia takataka alimpigia makofi.

Meya alisubiri hadi akamaliza.

"Bwana Hruska, hotuba nzuri sana. Ila mimi sina shule."

"Huna shule? Wewe si meya?"

"Ni meya. Nina mashimo ya barabarani. Nina theluji. Nina takataka za bibi yule. Shule zina wilaya yake, bodi yake na mfuko wake. Hata mipaka yake si ya mji huu. Wewe umekosea nyumba, ndugu yangu."

Ukumbi ulicheka. Vern alitoka nje na masikio mekundu.

Asubuhi yake alimkuta jirani yake, Lorraine Mabry, akitembeza mbwa. Lorraine alikuwa mjumbe wa bodi ya shule kwa miaka minane kabla ya kustaafu. Habari ilikuwa imeshamfikia.

"Vern! Eti ulienda kumgombeza meya kwa mambo ya shule?" Alicheka hadi mbwa akakaa chini kumsubiri. "Mashine ya joto ikiharibika huwa unampigia simu daktari wa meno?"

"Cheka, dada Lorraine. Cheka umalize. Halafu uniambie mkubwa ni nani."

"Mkubwa ni wewe."

"Usinitanie."

"Sikutanii. Sikiliza. Wilaya ya shule inaongozwa na bodi. Bodi ina watu watano. Watano hao tunawachagua sisi, mimi na wewe. Bodi ndiyo inayomwajiri mkurugenzi. Bodi ndiyo inayomwajiri mhazini anayetunza fedha. Mkurugenzi anaendesha kazi za kila siku, lakini bodi ikisema hapana, ni hapana. Mara ya mwisho ulimpigia nani kura ya bodi?"

Vern alikuna kichwa. "Kuna kura ya bodi?"

"Ipo chini kabisa kwenye karatasi. Wewe hupiga kura ya gavana ukachoka."

"Sawa. Na fedha je? Jimbo si ndilo linalolipia shule?"

"Wewe ni mtu wa mabomba," Lorraine alisema. "Basi fikiria shule ina mabomba matatu. Bomba la jimbo. Bomba jembamba la serikali kuu huko Washington. Na bomba nene, la kodi ya nyumba zetu. Jimbo likitazama nyumba zetu linasema, hawa wanajiweza, kwa hiyo linafungua bomba lake kidogo. Linalobaki tunajaza wenyewe kwa kura. Mwezi wa Mei wewe ulishika koki ya bomba nene ukaifunga. Halafu unashangaa nyumba imepoa."

Vern alisimama hapo barabarani kama aliyemwagiwa maji. Mabomba aliyaelewa.

"Lakini wametaka fedha mpya!" alisema. "Kuendeleza!"

 Lorraine akatabasamu.

"Njoo kwenye mkutano wa bodi Jumanne. Useme hivyohivyo. Usibadilishe hata neno."

Jumanne ukumbi wa shule ulijaa. Wajumbe watano walikaa mbele. Kila mwananchi alipewa dakika tatu za kusema. Josie alikuwepo pia, nyuma, pamoja na wenzake wa bendi. Vern alimwona. 

Akasimama. Hakuhitaji kipaza sauti.

"Mimi ni Vern Hruska! Nataka bendi ibaki! Lakini sitaki kodi mpya! Mmetaka kuendeleza! Mnataka kuendeleza nini? Majengo? Viti vya ngozi? Mlinilipisha tangu binti yangu yuko chekechea, sasa mnataka na nyingine juu yake!"

Mhazini, mama mmoja mpole aitwaye Ines Calloway, aliomba nafasi.

"Bwana Hruska, hiyo uliyoilipa tangu binti yako yuko chekechea, ndiyo hiyo."

"Ndiyo ipi?"

"Ndiyo hii tunayoomba. Kodi ile ina muda. Muda wake unaisha Desemba. Tunaomba iendelee. Kuendeleza maana yake ni hiyo tu. Haiongezeki. Ikipita, utalipa ulicholipa mwaka jana. Ikikataliwa, bomba linafungwa."

"Kwa hiyo... ni kodi ileile?"

"Ileile."

"Ileile kabisa?"

"Ileile kabisa."

"Sasa kwa nini hamkuandika ILEILE?" Vern alinguruma hadi taa ya dari ikayumba. "Mnaandika kuendeleza, kuendeleza, mtu anafikiri mnajenga ikulu! Neno moja tu! Ileile! Hata mbwa wa Lorraine angeelewa!"

Ukumbi mzima ulilipuka kwa kicheko. Mwenyekiti wa bodi aligonga meza, lakini na yeye mabega yalikuwa yanatikisika.

"Maneno ya karatasi ya kura yamepangwa na sheria," mhazini alisema akifuta machozi. "Na sisi tukiwa kazini haturuhusiwi kuwaambia watu wapigeje kura. Tunaruhusiwa kueleza tu."

"Mimi je? Mimi naruhusiwa?"

"Wewe ni mwananchi. Sema mpaka uchoke."

"Mimi sichoki!"

Nyuma ya ukumbi mtu alicheka kicheko ambacho Vern hakuwa amekisikia kwa siku nyingi. Alikuwa Josie.

Basi kazi ikaanza. Kesho yake Vern alitoa vibao vyake vyote vya zamani gereji. Josie alileta rangi. Hakusema mengi, ila alisema, "Baba, shika brashi vizuri." Kwa Vern huo ulikuwa muziki. Pale paliposomeka HAPANA KODI MPYA, waliongeza chini yake kwa herufi nyekundu: NI ILEILE. NDIYO.

Wakapita nyumba kwa nyumba, Vern, Josie na Lorraine. Vern alibisha mlango mara moja tu kila mtaa. Mtaa mzima ulisikia.

Bwana Stanek, mzee mjane wa kona, alifungua mlango nusu.

"Sina mtoto shuleni, Vern. Kwa nini nilipe?"

"Mzee Stanek, yule msichana anayekupa dawa pale duka la dawa anakofanya kazi Darlene, alijifunza wapi kusoma kopo la dawa?"

Mzee alifikiri. "Hapa hapa."

"Ungependa anayemfuata asijue kusoma?"

"Na nyumba yako ukitaka kuiuza," Lorraine aliongeza, "mnunuzi ataanza kuuliza bei au ataanza kuuliza shule?"

"Shule," mzee alikubali. "Wote huuliza shule. Lakini hizo shule zenyewe zinafanya vizuri? Nasikia jimbo linazipa nyota."

"Nyota kama hoteli," Vern alisema. "Nasi tuna nne kati ya tano."

"Semeni yote," Josie alisema. "Kwa jumla ni nne. Kwa kusoma kwa watoto wadogo ni mbili."

Vern alimgeukia binti yake. Hakuwa amejua hilo.

"Mbili?"

"Mbili, baba. Wanataka kuongeza walimu wa kusoma. Hawawezi kuongeza kama wanapunguza."

"Ndiyo sababu," Lorraine alisema. "Kodi iliyopigiwa kura haikui. Mafuta ya basi yanapanda, mishahara inapanda, kodi imesimama palepale. Nyota mbili si za kujisifia, mzee. Ukipiga kura ya ndiyo, usiende kulala. Njoo kwenye mkutano uwaulize."

Bwana Stanek alifungua mlango wote.

"Hii ndiyo mara ya kwanza mtu kunijia hapa na kuniambia na ubaya wake," alisema. "Nipeni kibao."

Siku ya kura Vern alisimama nje ya kituo, mbali kama sheria inavyotaka. Kwa sauti yake, umbali huo haukuwa kitu. Hakumwambia mtu yeyote achague nini. Alisalimia tu: "Habari za asubuhi! Geuzeni karatasi! Someni mpaka chini!" Swali la kodi ya shule lilikuwa nyuma ya karatasi, na watu waligeuza. Inasemekana hata waliokuja kupeleka barua posta iliyo jirani waligeuza bahasha zao.

Asubuhi iliyofuata Vern alikuwa gereji akijifanya anatafuta spana. Aliogopa kusikia. Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Josie alikuwa amevaa soksi mguu mmoja.

"Baba! Imepita! Imepita, baba!"

"Kwa tofauti ya kura ngapi?"

"Chache! Chache sana! Lakini imepita!"

Akamrukia shingoni kama alivyokuwa akifanya alipokuwa chekechea. Vern alifungua kinywa apige kelele, na kwa mara ya kwanza maishani mwake sauti haikutoka. Darlene aliyesimama mlangoni alisema baadaye kwamba angependa kuikodi siku ile mara moja kwa wiki.

Mwisho wa mwezi bodi ilikutana tena. Vern alikaa mstari wa mbele, Josie kulia kwake, Darlene kushoto, mzee Stanek nyuma yao. Vern alishatumia dakika zake tatu. Aliuliza juu ya zile nyota mbili: walimu wa kusoma wataongezwa lini, na nani atapima kama watoto wanasoma kweli? Mkurugenzi aliahidi kuleta jibu mkutano ujao, na mwenyekiti aliagiza liandikwe kwenye ajenda. Kiti cha mkurugenzi, Vern alikiangalia vizuri, kilikuwa cha plastiki na mguu mmoja ulikuwa mfupi.

Ndipo ikafika hoja yenyewe.

"Hoja ni kwamba bendi iondolewe kwenye yale yanayopunguzwa," mwenyekiti alisema. "Iendelee mwakani na mwalimu wake. Wanaokubali, mikono juu."

Mkono wa kwanza ukapanda. Wa pili. Wa tatu. Josie alishika mkono wa mama yake kwa nguvu. Wa nne. Wa tano. Bendi nzima nyuma ikapiga kelele, na mwenyekiti akaanza kuhesabu ili iandikwe rasmi. Akahesabu, akasita, akahesabu tena. Mikono ilikuwa sita.

"Bwana Hruska," alisema, "tafadhali shusha mkono. Wewe si mjumbe wa bodi."

Vern hakuushusha.

"Bado," alisema.