Safu ya Mwisho ya Daftari la Vizazi

Jioni ile nilikwenda masijala kutafuta karatasi moja tu. Moja! Kesho yake tulikuwa na kesi. Baba mdogo alidai mimi si damu yao, kwa hiyo nihame na wanangu wawili kutoka nyumba aliyoniachia bibi mzaa baba. Hati ya nyumba ilisema wazi: "kwa mjukuu wangu". Kilichobaki ni kuthibitisha nilizaliwa na mwanawe.

Karani mzee alikuwa anafunga madirisha. Akanifunulia daftari, akasogea pembeni.

Jina langu lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu.

Pembeni yake pameandikwa: "Amefariki, siku ya saba."

"Mzee, mnanizika mzima mzima?" nikafoka. "Nirekebishie!"

"Weka dole gumba hapa. Lakini mwanangu, usiwe na pupa..."

Pupa? Kesho natupiwa vyombo nje! Nikabonyeza kabla hajamaliza.

Wino ulikuwa wa vuguvugu. Ukanuka damu.

Ndipo nikaiona safu ya mwisho: Badala yake. Kwangu ilikuwa tupu. Karani akafunua kurasa za nyuma. Jina la baba yangu lilikatwa, likarudishwa, kwa dole gumba la bibi. Katika safu ya mwisho, shangazi. Yule tuliyeambiwa alilala mzima, asiamke.

"Kwako bibi yako alikataa kuandika mtu," karani akanong'ona. "Aliniomba nisilifungue tena. Wewe umelitaka mwenyewe. Sasa taja jina."

"Nisipotaja?"

"Litachagua lenyewe."

Mungu anisamehe, sikufikiri mara mbili. Nikamtaja baba mdogo.

Karani akaandika. Wino ukakauka kalamuni. Akajaribu tena... karatasi nyeupe pe!

"Halimpokei," akasema, akinitazama kwa huruma. "Linataka damu yako. Huyu si damu yako."

Kumbe baba mdogo alisema kweli! Basi yule mjukuu alikufa kweli siku ya saba, na mimi ni nani?

Kalamu ikaanza kutembea. Mkono wa karani ulikuwa mfukoni.

Herufi ya kwanza ilikuwa ya jina la kitindamimba wangu.

Niliirarua ile karatasi, nikakimbia. Wanangu wote niliwakuta wazima, wanagombania mto. Kwenye kesi sikwenda. Nyumba nimemwachia baba mdogo, na bibi hayupo tena nimuulize.

Mdogo anacheka, anakula vizuri. Ila kila alfajiri naweka kiganja puani pake, nasubiri pumzi. Leo ilichelewa kidogo.