Waliofika Kabla ya Ajali

Haya yalimpata Generoza, muuguzi tunayeishi naye ua mmoja hapa Bariadi. Asubuhi ile ya Juni kituo chao cha afya kilikuwa kimepoa. Alikuwa akikunja mashuka huku Ngassa, dereva wa ambulensi, akimsimulia habari za ng'ombe wake aliyezaa mapacha. Saa nne kasorobo simu ya dharura ikalia.

"Nesi," ilisema sauti ya mwanamke, taratibu, kama mtu aliyelaliwa na mzigo kifuani. "Lori la pamba limepinduka darajani, njia ya Sapiwi. Tuko kumi na tisa. Njooni."

"Unaitwa nani, mama?"

"Milembe." Simu ikakatika.

Generoza alikuwa amekwisha kuona watu wakifa kwa kusubiri gari tu. Hakupoteza muda. Ngassa alikanyaga mafuta, king'ora kikilia, kuku wakitawanyika barabarani. Dakika ishirini na tano baadaye walikuwa darajani.

Hapakuwa na lori.

Ngassa aliteremsha gari hadi kwenye mchanga wa mto uliokauka. Mzee mmoja alikuwa akichunga mbuzi kando.

"Mwangaluka, baba," Generoza alimwamkia kwa Kisukuma. "Umeona ajali hapa?"

"Mwangaluka, mayu. Niko hapa tangu alfajiri. Halijapita lori hata moja."

Akawaswaga mbuzi wake. Walikataa kulipita gari. Walisimama wote, wakilitazama.

Generoza alipiga namba ile, haikupatikana. Kisha Danford, mganga mfawidhi wao, akapiga simu: "Mmechezewa. Rudini, kuna mjamzito anatakiwa kupelekwa mjini."

"Tungoje kidogo," Generoza alimwambia Ngassa.

"Bosi kashasema, nesi."

Wakageuza.

Nusu ya njia walipishana na lori lililosheheni magunia ya pamba. Juu ya magunia vibarua waliketi wakiimba. Generoza hakutaka kuhesabu vichwa. Alihesabu. Pamoja na dereva, kumi na tisa.

"Geuza."

"Nesi, na huyo mjamzito?"

"Ngassa, geuza!"

Waliwafukuzia kwa honi na king'ora. Vibarua waliwapungia mikono. Dereva wa lori alidhani anawazuia watu wenye mgonjwa, akaongeza mwendo awahi kuwapisha mbele. Vumbi likafunga kila kitu.

Kisha kishindo.

Walifika kabla vumbi halijatua. Lori lilikuwa limelala upande wa pili wa daraja, magurudumu yakizunguka. Generoza alifunga damu, akaning'iniza dripu kwenye matawi. Ngassa aliwavuta watu mmoja mmoja. Kumi na wanane walipona, na kila aliyesikia alisifu wepesi wao.

Wa kumi na tisa alikuwa chini ya magunia. Walipomfikia, pumzi ilikuwa ya kuhesabu. Generoza alimshika mkono.

"Unaitwa nani, mama?" Alikuwa anajua.

"Milembe." Sauti ile ile. "Nesi, mbona mlituacha?"

"Tumekuja mara moja, mama. Tupo."

"Mlikuja kwanza. Tulikuwa tumeshalala hapa. Tukawaona mmesimama." Alivuta pumzi. "Tulilizunguka gari. Tukagonga milango. Mkageuza."

Hakusema tena.

Kesho yake Generoza alirudi na trafiki aliyekuja kupima eneo. Upande waliposimama mara ya kwanza, mbali na lori, alama za matairi zilikuwa bado wazi mchangani.

Kuzizunguka kulikuwa na nyayo. Za peku, za kandambili. Vidole vyote vimeelekea pale milango ilipokuwa. Hapakuwa na nyayo za kuja. Hapakuwa na nyayo za kuondoka.

Trafiki alikunja utepe wake bila kuandika kitu.

"Twende zetu, nesi," alinong'ona.

Generoza hakusikia. Alikuwa akitazama penye mlango wa nyuma, mlango wa machela. Hapo mchanga ulikuwa na mfereji mmoja mrefu, kama wa mtu aliyejikokota kwa tumbo. Mfereji ule haukuishia mlangoni. Ulifuata alama za matairi, ukapanda ukingo, ukashika njia ya kurudi kituoni.