Mtoki wa Ndalahwa

Ndalahwa ana bucha Mabatini, na mdomo wake ndio tangazo lake. "Mama, chukua na mfupa! Mchuzi bila mfupa ni maji ya kunawa!" Wateja hucheka, halafu hununua.

Wiki ile bucha ilikuwa kimya. Ndalahwa alikaa kwenye benchi akitazama sakafu. Mkewe Odeta ndiye aliyekata nyama, na aliikata vibaya kweli.

Jirani yao Rebeka, muuguzi wa wodi ya upasuaji, alikuja kununua maini.

"Shikamoo, Baba Queen. Mbona hukuja kulazwa jana? Daktari alikungoja."

"Marahaba," alijibu Ndalahwa bila kuinua macho.

Odeta alishindwa kuvumilia. "Hataki! Uvimbe wa pajani walitoa kinyama wakapima. Ni saratani ya nyama laini za mwili, wanaiita sarkoma. Akakubali wauondoe. Sasa juzi amejipapasa kinena, amekuta mtoki, tezi imevimba. Basi, anasema amekwisha!"

"Nimekwisha kweli," alisema Ndalahwa. "Mimi nimekulia machinjioni. Ng'ombe akishachunwa, mkaguzi anapasua tezi. Akikuta zimeharibika, hagongi mhuri, na nyama inatupwa shimoni. Tezi zangu zimevimba. Wanipasue ili iweje?"

Rebeka hakucheka, na Ndalahwa alimshukuru moyoni. Alikuwa anaogopa kufa.

"Baba, mkaguzi anakagua ng'ombe aliyekufa," alisema Rebeka. "Wewe unapumua, tena unabisha. Tezi ni kama chujio. Mguu ukiwa na kidonda, tezi za kinena huvimba kwa kupigana na vijidudu. Hebu vua hilo buti."

Ndalahwa alivua. Kidole gumba kilikuwa kimevimba, kinatoa usaha.

"Shoka la mifupa liliniponyoka," alisema kwa aibu.

"Na ukanyamaza!" Odeta alifoka.

"Pengine mtoki umetokana na hicho kidonda," alisema Rebeka. "Lakini hatubahatishi. Daktari atachoma sindano nyembamba kwenye tezi, atoe chembe kidogo zipimwe."

"Wakikuta saratani?"

"Tezi za hapo zitaondolewa, na matibabu mengine yataendelea. Hakuna atakayekutupa shimoni."

"Basi waziondoe zote mapema, tumalize!"

"Hapana. Sarkoma nyingi hazisambai kwa njia ya tezi. Hupita kwenye damu, na mara nyingi huenda mapafuni. Ndiyo maana walikupiga picha ya kifua, na kifua chako ni safi. Zipo aina chache zinazopenda tezi. Mgonjwa akiwa na aina hizo, daktari anaweza kupima tezi hata kama hazijavimba. Yako si ya aina hizo. Tezi zikiondolewa bila sababu, maji ya mwili hukosa njia. Mguu unaweza kuvimba maisha yako yote."

Ndalahwa alitazama mguu wake, akatazama buti. "Haya," alisema. "Odeta, nitafutie shati safi."

Hospitalini walimsafisha kidonda, wakampa dawa, wakachoma sindano kwenye mtoki. Kusubiri majibu kulimtesa kuliko sindano yenyewe. Siku majibu yalipotoka, daktari alimwambia kwamba tezi haikuonyesha saratani. Ndalahwa alilia mbele ya wagonjwa wote, wala hakujali.

Mtoki ulinywea. Daktari aliondoa uvimbe pamoja na nyama kidogo yenye afya iliyouzunguka, ili saratani isibaki. Tezi aliziacha mahali pake. Baadaye Ndalahwa alipata mionzi, na mpaka leo hurudi kupimwa paja na kifua. Mguu haujavimba, na kelele za Mabatini zimerudi.

Asubuhi moja Nestory, dereva wa bodaboda, alinyoosha mkono kupokea nyama yake. Mkono wa shati ulipanda. Ndalahwa aliona uvimbe mkubwa juu ya kiwiko.

"Hiki nini?"

"Hakiumi, mzee. Kinakua tu."

"Changu pia hakikuuma. Umekwenda hospitali?"

"Nitakwenda. Nangoja mambo yakae sawa."

Ndalahwa alifuta mikono, akavua aproni. Wateja walikuwa wamejaa mlangoni.

"Bucha imefungwa!" alipaza sauti. "Leo mle dagaa!"

Watu walilalamika. Ndalahwa alikuwa tayari nyuma ya pikipiki, kofia kichwani.

"Washa," alimwambia Nestory. "Hospitali. Na nauli silipi."