Nyota Mbili za Rodah

Rodah wa Boito alichuma majani ya chai asubuhi, akayapeleka kupimwa, kisha akaketi jikoni na simu. Binti yake, Chepkorir, alihitaji cheti cha kuzaliwa. Bila cheti, shule haingemsajili kwa mtihani. Zilibaki wiki mbili tu.

Hii ilikuwa siku ya nne akijaza fomu ile ile kwenye tovuti ya serikali. Kila alipoinuka kutafuta karatasi ya kliniki, fomu ilijifuta yote. Rodah alichoka hadi akatamani kumlisha ng'ombe hiyo simu. Leo alipanga karatasi zote mezani kwanza, na fomu ikaenda.

Mwishoni tovuti ikauliza: Umeridhika na huduma hii? Chini yake kulikuwa na nyota tano.

"Weka zote," akasema mumewe, Kipkurui. "Ukikasirisha hao watu, watakalia cheti ya mtoto."

Rodah aliogopa. Kabla hajabonyeza, jirani yao Molly akaingia kuchukua maziwa, akaiona fomu kwenye simu. Molly hufanya kazi katika kituo cha huduma za serikali mjini.

"Mama Chepkorir, hiyo fomu ilikusumbua?"

"Siku nne."

"Na unaipea tano?" Molly akacheka. "Karani wa chai akipokea kila mfuko, hata wa majani magumu, itakuwa aje?"

"Chai itaharibika. Na sisi hatutajua tunakosea wapi."

"Basi leo karani ni wewe. Wanaotoa cheti hawaangalii nyota. Nyota zinaenda kwa wale wanatengeneza fomu. Sema ukweli, na uandike ni nini ilikusumbua."

Kipkurui akanung'unika. Rodah akaweka nyota mbili, akaandika: Fomu inajifuta nikiinuka. Ihifadhi nilichojaza.

Siku zilizofuata alijuta mara kumi kwa siku. Siku ya tisa cheti kikatoka, na Chepkorir akasajiliwa. Rodah alilia kwa furaha. Kipkurui akajifanya anatafuta jembe.

Miezi mitatu baadaye, Kipkurui mwenyewe aliketi kumwombea cheti Robert, kitinda mimba wao. Katikati ya kazi, ng'ombe akakata kamba. Akamkimbilia, akarudi baada ya nusu saa akihema. Fomu ilikuwa imemngoja, kila neno mahali pake.

Nyota zikatokea. Kipkurui akaweka nne.

"Mbona si tano?" Rodah akauliza.

"Maandishi bado ni madogo sana," akasema Kipkurui, na akaanza kuwaandikia wenye fomu.